Makabati ya jikoni: Wenye nyumba mpya wananunua rangi badala ya ubao

WATU wengi wanaojenga jijini Dar es Salaam na pembezoni mwake, kuanzia Goba na Bunju hadi Chanika na Kigamboni, hufika jikoni wakiwa wameishiwa. Msingi umekula fedha, bati limekula, nondo za madirisha na marumaru nazo zimekula. Kinachobaki kwa ajili ya makabati ni kile ambacho mwenye nyumba amekikopa kazini, au amekipata kwa kuuza mzigo wa dukani kwa bei ya kutupa. Ni katika hali hiyo ndipo anapokutana na fundi mwenye picha za kuvutia kwenye simu, anayetaka nusu ya malipo kabla hajanunua hata skrubu moja.

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo jambo hili si la mapambo. Anayejenga nyumba tatu za kupangisha Mbezi au Mbagala anahitaji majiko matatu, na jiko linaloharibika kabla ya wakati wake hupunguza kodi au humfukuza mpangaji. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba seti ya sh. milioni 1.5 inadumu miaka mitatu na seti ya sh. milioni 3 inadumu miaka 12. Ya kwanza inamgharimu mwenye nyumba sh. 500,000 kwa mwaka na ya pili sh. 250,000. Ile iliyoonekana rahisi imekuwa ghali mara mbili, na hapo haijahesabiwa gharama ya kung'oa, wala marumaru zitakazovunjika katika kung'oa huko.

Hata hivyo, bei kubwa peke yake haimhakikishii mtu chochote. Wapo wanaolipia mng'ao wa milango, kaunta ya granaiti na taa ndogo za chini ya kabati, ilhali maboksi yenyewe yamefungwa kwa bodi dhaifu kuliko zote sokoni. Sehemu inayoonekana ndiyo inayouza, na sehemu isiyoonekana ndiyo inayobeba sufuria. Mnunuzi mwenye fedha kidogo hana budi kuanzia huko ndani.

Adui ni maji

Makabati mengi yanayotengenezwa siku hizi Keko, Buguruni na kwenye karakana za mitaani hayatokani na mbao bali na bodi za kiwandani. Bodi hizo ni za aina tatu, na kwa jicho la mteja asiyezoea zinaweza kufanana kabisa zikishavikwa ngozi ya melamini au kupakwa rangi.

Ya kwanza ni chipubodi, ambayo ni vipande vya mbao na maranda vilivyogandamizwa kwa gundi. Ni nafuu, na ikikatwa kingo zake huonyesha punje punje. Ya pili ni MDF, inayotokana na nyuzi laini za mbao zilizosagwa na kugandamizwa. Kingo zake ni laini kama jibini, hupokea rangi vizuri na huchongeka kwa mashine, ndiyo maana milango yenye michoro karibu yote ni ya MDF. Ya tatu ni plaiwudi, ambayo ni tabaka nyembamba za mbao zilizogundishwa moja juu ya nyingine huku nyuzi zake zikipishana. Hushika skrubu vizuri kuliko hizo mbili na hustahimili unyevu zaidi, mradi gundi yake iwe ya kuzuia maji.

Tatizo la chipubodi na MDF ya kawaida ni moja: zikinywa maji huvimba, na zikishavimba hazirudi. Ubao halisi ukilowa na kukauka unaweza kupinda au kupasuka, lakini unabaki kuwa ubao. Chipubodi ikilowa hufumuka kama mkate uliotumbukizwa kwenye chai, skrubu hulegea, bawaba huning'inia na mlango huanza kukwaruza sakafu. Sehemu za kwanza kuharibika zinajulikana kwa kila fundi. Ni boksi la chini ya sinki, kitako kinachogusa sakafu inayodekiwa kila siku, na kingo za juu za milango iliyo karibu na jiko ambako mvuke wa maharage hupanda saa tatu mfululizo.

Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Unguja hewa yenyewe ina unyevu mwingi kwa muda mrefu wa mwaka. Bodi inayodumu Dodoma miaka mingi haitadumu muda huo huo Kigamboni, hata kama zimetoka kontena moja.

Kuna jaribio dogo ambalo halihitaji maabara. Mnunuzi amwombe fundi kipande cha bodi anayokusudia kuitumia, ukubwa wa kiganja, apime unene wake kwa rula, kisha akitumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha na kukipima tena asubuhi. Kipande cha milimita 18 kilichofika milimita 22 na kuanza kumeguka pembeni kimeshatoa jibu. Fundi mwaminifu hatanuna kuombwa kipande hicho, kwani karakana yake imejaa vipande vya aina hiyo.

Wauzaji wengi hutaja MDF ya kijani, yaani ile ya kustahimili unyevu, na ni kweli kwamba viwanda vingi huitia rangi ya kijani ndani ili itofautiane na ya kawaida. Lakini rangi si gundi, na kiwanda chochote kinaweza kutia rangi. Ndoo ya maji inabaki kuwa shahidi bora kuliko rangi. Aidha, hata bodi nzuri ya kijani haikutengenezwa ili ikae ndani ya maji. Inachofanya ni kumpa mwenye nyumba muda wa kugundua bomba linalovuja.

Uzito nao husaidia. Shiti kamili ya MDF ya milimita 18, yenye urefu wa sentimita 244 na upana wa sentimita 122, huwa na uzito wa kilo 40 hivi. Shiti inayobebwa na kijana mmoja kwa madaha ama si ya milimita 18 au si MDF. Suala la unene linastahili kuangaliwa sana, kwa sababu kati ya milimita 18 zilizoandikwa kwenye makadirio na milimita 15 zilizofungwa jikoni ndimo faida nyingi isiyo halali hupita. Macho hayaoni tofauti hiyo, ila rafu iliyowekwa sahani za udongo itaanza kupinda katikati.

Jambo lingine linalopuuzwa ni harufu. Gundi zinazotumika katika bodi nyingi hutoa hewa ya fomaldehaidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Bodi zilizopimwa na kuonekana kutoa kiasi kidogo huandikwa E1. Alama hiyo hupigwa kwenye kingo za shiti au kwenye karatasi ya kifurushi, nayo ni bora iulizwe kabla bodi haijakatwa, maana ikishakatwa hakuna wa kuiona. Makabati mapya yanayotoa harufu ya kuwasha macho yaachwe wazi siku kadhaa, madirisha yakiwa wazi, kabla ya familia kuhamia.

Mninga, mkongo na paina

Kwa wazee wa mji kabati ni mninga, basi. Sifa za mti huo si za hadithi. Mninga husinyaa kidogo sana ukikauka, haupindi ovyo, mchwa hauupendi na hung'aa kwa vanishi bila kuhitaji rangi. Mkongo ni mzito na mgumu zaidi, hufaa kwa milango ya nje na fremu, ila jikoni uzito wake huzichosha bawaba. Msaji, unaovunwa kwenye mashamba ya miti kama Longuza wilayani Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na bonde la Kilombero, nao hustahimili maji vizuri sana.

Kikwazo ni bei, na kwa mninga na mkongo hakuna dalili kwamba mambo yatakuwa rahisi. Miti hiyo ya misitu ya asili hukua polepole, na mkutano wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliiingiza jamii ya mninga, ya mkongo na ya mkangazi ya Afrika katika Orodha ya Pili ya mkataba huo. Uamuzi huo haumkatazi mtu wa Dar es Salaam kununua kabati la mninga. Unachodai ni vibali maalumu kwa anayesafirisha mbao hizo nje ya nchi. Mfanyabiashara wa mbao anayefikiria soko la nje anapaswa kuuelewa vizuri kabla hajaweka mtaji wake kwenye shehena.

Paina ya Sao Hill, Mufindi, ndiyo mbao ya mtu wa kawaida. Ni nyepesi, hupigika msumari kwa urahisi na hupatikana kila kona. Bahati mbaya dumuzi na mchwa wanaipenda pia. Mbao za paina zisizotiwa dawa zisikaribishwe jikoni kabisa. Aidha, mbao nyingi huteremshwa sokoni zikiwa mbichi, siku chache baada ya kupasuliwa. Mbao za samani hutakiwa ziwe na unyevu wa takribani asilimia 12 hadi 15. Mbao mbichi ikifungwa leo, baada ya miezi miwili maungio hufunguka na mlango haufungi. Fundi mwenye kipimo cha unyevu ni wachache, lakini ubao mbichi hujulikana: ni mzito kupita kiasi, wa baridi ukiushika, na ukiupiga kwa kiungo cha kidole husikika mzito bila kulia.

Busara ya mfuko ni kuchanganya. Hakuna sheria inayosema jiko zima liwe la kitu kimoja. Fremu na milango ya mninga au msaji ikifungwa mbele ya maboksi ya plaiwudi au MDF ya kijani, nyumba inapata sura ya mninga kwa sehemu ndogo ya mbao zake. Mafundi wa zamani wa Keko walilijua hili kabla ya MDF kuingia, kwani walitumia plaiwudi kwa migongo na rafu na kuuacha ubao mzuri uonekane pale tu unapoonekana.

Zege chini, mlango mbele

Njia ambayo haizungumzwi sana siku hizi, labda kwa kuwa haina muuzaji wa kuitangaza, ni ile ya kumwachia mwashi sehemu ya chini. Hapo hujengwa vijikuta vya tofali nyembamba kutoka sakafuni, humwagwa slabu ya zege juu yake, ndani na juu huwekwa marumaru, kisha seremala huitwa kufunga fremu na milango peke yake. Jiko hilo halivimbi. Bomba likipasuka usiku, asubuhi maji yanafagiliwa na maisha yanaendelea.

Kasoro zake zipo. Ukishamwaga zege hubadilishi mpangilio, droo ni taabu kuzifunga sawasawa, na vijikuta hula nafasi: tofali iliyopigwa plasta na marumaru pande zote mbili hufikia sentimita 15 au zaidi, wakati bodi ni milimita 18 tu. Kwa jiko dogo hasara hiyo huonekana. Lakini kwa nyumba ya kupangisha, ambamo wapangaji hubadilika na hakuna anayefuta maji chini ya sinki kwa uchungu wa mwenye mali, ni vigumu kupata njia nyingine yenye thamani kama hii. Baada ya miaka kumi kinachobadilishwa ni milango tu.

Anayetaka njia hii aiamue mapema, kabla ya fundi bomba na fundi umeme hawajamaliza. Slabu inayomwagwa baada ya marumaru za sakafu kuwekwa ni gharama mara mbili.

Bodi saba, si kumi

Mahali ambapo wateja wengi hupoteza fedha ni kwenye idadi ya bodi, ingawa hesabu yake inaweza kufanywa na mtoto wa darasa la saba. Jiko la ukuta mmoja wenye urefu wa mita tatu lichukuliwe kama mfano. Chini yanaingia makabati matano ya sentimita 60 kila moja, na juu matano ya upana huo huo.

Kabati la chini lenye kimo cha sentimita 72 na kina cha sentimita 56, pamoja na pande mbili, sakafu, vishikizo vya juu, rafu moja na mlango, hula karibu mita 2 za mraba za bodi. Matano ni mita 10. Kabati la juu lenye kina cha sentimita 30, rafu mbili na mlango wake, hula mita 1.5 za mraba, na matano ni mita 7.5. Jumla ni mita 17.5 za mraba, na kitako kikiongezwa inakaribia 18. Shiti moja ina karibu mita 3 za mraba. Kwa hiyo kinachohitajika ni shiti 6, na kwa kuwa kukata hakukosi mabaki, ni 7. Migongo hutumia bodi nyembamba, shiti mbili zinatosha.

Fundi anayeandika shiti 10 za milimita 18 kwa jiko hilo aulizwe kwa upole tatu zinakwenda wapi. Pengine ana sababu, kwa mfano kuna kabati refu la kuhifadhia au kona inayopoteza bodi. Pengine kuna jiko la mtu mwingine linalotengenezwa kwa bodi hizo.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha jambo la pili. Milango yote kumi, ya sentimita 71.5 kwa 59.6, inatoka kwenye shiti mbili tu, kwa maana shiti moja hutoa milango sita. Yaani sura yote ya jiko, ile ambayo wageni huisifia, ni shiti mbili kati ya saba. Mwenye fedha kidogo anaweza kununua bodi ya gharama ya mng'ao kwa shiti hizo mbili, na kuweka bodi nyeupe ya kawaida yenye kustahimili unyevu ndani, bila mtu kutambua. Wengi hufanya kinyume, wakalipia mng'ao hadi kwenye rafu zinazofunikwa na mifuko ya unga.

Kingo nazo zina hesabu yake. Milango kumi ina zaidi ya mita 26 za kingo, na maboksi yakiongezwa jumla hupita mita 50. Kila sentimita ya kingo hizo isiyozibwa ni mlango wa maji kuingia. Utepe wa plastiki uliobandikwa kwa mashine ya joto hushika kuliko ule uliopigwa pasi ya nguo mtaani. Kingo za chini za pande zote, ambazo hakuna anayeinama kuzitazama, ndizo hasa zinazopaswa kukaguliwa kabla kabati halijasimamishwa. Likishasimama muda umepita.

Kulinganisha makadirio ni kazi nyingine yenye mitego. Fundi mmoja hutaja bei ya seti nzima, mwingine hutaja bei ya mita. Mathalani wa kwanza akitaka sh. milioni 3 na wa pili sh. 450,000 kwa mita, mteja huona mita tatu na kuzidisha akapata sh. milioni 1.35. Kumbe wa pili huhesabu mita tatu za chini na tatu za juu, jumla sita, sawa na sh. milioni 2.7, tena bila kaunta, bila sinki na bila vipini. Tofauti iliyokuwa zaidi ya nusu imebaki sh. 300,000, na huenda kaunta ikaigeuza. Makadirio yote yaandikwe kwa mtindo mmoja ndipo yafananishwe.

Bawaba, kimo na mtungi wa gesi

Bawaba za ndani zinazozama kwenye tundu la milimita 35 ndizo zilizoenea. Mlango wa kawaida unahitaji mbili, mlango mrefu au mzito tatu au zaidi. Mlango hufunguliwa mara nyingi kwa siku, na bawaba ya bati jepesi huanza kulegea kabla ya ubao kuchakaa. Fedha iliyookolewa kwenye vipini vya dhahabu iende kwenye bawaba na reli za droo. Maboksi yafungwe kwa skrubu na gundi. Misumari iachwe kwa paa.

Kuhusu vipimo, kaunta nyingi huwekwa kati ya sentimita 85 na 90 kutoka sakafuni, lakini anayepika ndiye kipimo. Sehemu ya kukatia mboga ikiwa sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake, mgongo haumuumi. Akina mama wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na fundi, naye hupima kwa urefu wa baba aliyekuja na fedha. Nafasi kati ya kaunta na makabati ya juu iwe sentimita 50 hivi, na isipungue 45.

Mtungi wa gesi ukiwekwa ndani ya kabati, kabati hilo lazima liwe na matundu ya hewa chini kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini na kungoja cheche. Matundu ya juu peke yake hayasaidii. Ni salama zaidi mtungi ukae nje ya ukuta na mpira kupitishwa.

Yatokayo nje, na alumini

Makabati yaliyokwisha kutengenezwa, mengi kutoka China, huvutia kwa usawa wake na kwa kuwa hayana ahadi za njoo kesho. Mnunuzi ajue analipia nini. Samani ni miongoni mwa bidhaa zilizowekwa katika daraja la ushuru wa asilimia 35 la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2022. Kabati lenye thamani ya sh. 100 bandarini likiongezwa ushuru huo huwa sh. 135, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hulifikisha sh. 159 na senti, kabla ya tozo nyingine, usafiri na faida ya mwenye duka. Nchi wanachama huomba kuachwa kwa muda katika baadhi ya bidhaa, kwa hiyo mwagizaji aulize wakala wake wa forodha mwaka husika. Kwa hali yoyote, kabati la nje linalouzwa kwa bei ya fundi wa Keko limepunguziwa gharama mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni ubao. Ndoo ya maji inafaa huko pia, kama muuzaji atakubali.

Makabati ya fremu za alumini yameenea kwa kasi mitaani, yakitengenezwa na mafundi wale wale wa madirisha. Hayavimbi wala hayaliwi na mchwa, na kwa boksi la chini ya sinki yanastahili kufikiriwa. Udhaifu wake ni paneli nyembamba zinazobonyea na rafu zisizopenda uzito. Atakayeweka gunia la mchele na sufuria za shughuli aagize vishikizo vya ziada chini ya rafu.

Nusu ya fedha, nusu ya usalama

Kinacholeta kilio zaidi si ubao bali malipo ya awali. Fundi mdogo hana mtaji, hilo halina ubishi, na bila fedha ya mteja hawezi kununua bodi. Lakini nusu ya mteja wa leo hutumika kumalizia kazi ya mteja wa mwezi uliopita, na mteja wa leo hungoja nusu ya mteja wa kesho. Mnyororo huo ukikatika, fundi hazimi simu kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu hana la kusema. Kwa aliyetoa fedha, tofauti hiyo haina maana yoyote.

Utaratibu unaowafaa wote wawili ni mteja kununua bodi, bawaba na utepe mwenyewe, akiongozana na fundi hadi kwenye maduka ya vifaa Kariakoo au kwenye mabohari ya mbao, na kuchukua risiti ya EFD kwa jina lake. Fundi alipwe ufundi peke yake, kwa awamu zinazofuata kazi: sehemu ndogo bodi zikikatwa, sehemu kubwa maboksi yakisimama jikoni, na sehemu ya mwisho baada ya milango kufungwa na wiki mbili za matumizi kupita. Katika wiki hizo mbili sinki huwa limetumika, mvuke umepanda na mlango uliofungwa vibaya umeshajionyesha.

Wapo mafundi watakaokataa, kwa kuwa faida yao imo kwenye bodi. Hao waongezewe ufundi kidogo badala ya kupokonywa kazi, maana fundi asiyepata faida mbele ya macho ataitafuta nyuma ya kabati. Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, yakitaja aina ya bodi, unene wake kwa milimita, idadi ya shiti, aina ya bawaba na tarehe ya kumaliza, na shahidi mmoja kwa kila upande atie saini.

Na mabaki ya bodi ni mali ya aliyeinunua. Kwa jiko lililotajwa hapo juu yanaweza kutosha rafu mbili za stoo, au kimeza cha mtoto kufanyia kazi za shule, na jambo hilo likisemwa kabla ya msumeno kuwashwa halileti ugomvi.